Sura ya Nne: Haki Huanzia Masjala

Tarehe 24 Agosti 1988, mwanamke mzee wa kijijini katika Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, aliuza shamba kwa shilingi 300,000. Shamba lilikuwa lake. Baba yake alimwachia kwa wosia halali. Tatizo lilikuwa kwamba shamba lile lilikuwa la ukoo, mnunuzi hakuwa wa ukoo, na muuzaji hakuwa mwanamume. Kesho yake tu, ndugu yake mmoja wa ukoo alikuwa Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akifungua shauri: mauzo yafutwe, ardhi irudi.

Mahakama ya Mwanzo ilimpa ndugu huyo ushindi. Kwa kanuni zilivyosomeka, haikukosea. Kanuni za urithi wa kimila, zilizokusanywa na kutangazwa na Serikali mwaka 1963, zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote na kula mazao yake, ila asiiuze. Mwanamume wa ukoo ule ule akiuza bila ridhaa ya wenzake, mauzo yalisimama, na ndugu aliyeitaka ardhi alipaswa kumrudishia mnunuzi fedha zake ili aikomboe. Mwanamke akiuza, ilikuwa kana kwamba hajauza.

Bibi yule hakukubali. Alikata rufaa Mahakama ya Wilaya ya Muleba, na huko likatokea jambo ambalo naona halijapewa uzito unaostahili: hakimu wa wilaya, mbali kabisa na makao makuu ya nchi, aliifungua Katiba. Akasema Katiba sasa inamlinda mwanamke dhidi ya ubaguzi, basi mauzo ni halali. Ndugu wa ukoo akapanda Mahakama Kuu, Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya alitoa hukumu ambayo wanasheria wa Tanzania huiita kwa majina ya wahusika wake: Ephrahim dhidi ya Pastory.

Hukumu hiyo inafaa kusomwa polepole. Jaji hakuifuta mila ya Wahaya wa Kagera, wala hakusema ardhi ya ukoo si kitu. Alichofanya ni kuondoa tofauti. Kuanzia siku hiyo mwanamke na mwanamume wa ukoo mmoja walikuwa na haki sawa ya kuuza, na kwa masharti yale yale. Ndugu anayelitaka shamba alipewa miezi sita alikomboe kwa kumlipa mnunuzi shilingi 300,000. Asipolipa, shamba ni la mnunuzi. Kile ambacho ukoo ulikuwa unamfanyia mwanamume, sasa umfanyie mwanamke pia.

Sasa tuangalie tarehe, kwa sababu ndani yake mna somo lote la sura hii. Kifungu kinachokataza ubaguzi, Ibara ya 13, kiliingia kwenye Katiba mwaka 1984. Bunge lililokiingiza lilipitisha pia sheria ya mpito iliyosema hakuna mahakama itakayofuta sheria yoyote kwa kukiuka haki hizo hadi Machi 1988. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba Serikali ipate nafasi ya kusafisha sheria zake za zamani. Kwa hiyo bibi wa Muleba aliuza shamba miezi mitano tu baada ya mlango kufunguliwa. Angeuza na kushtakiwa mwaka mmoja kabla, hakimu angeweza kuifungua Katiba, akaisoma, akaifunga.

Mlango huo ulichelewa tangu mwanzo. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 bila sura ya haki za raia katika Katiba yake. Viongozi wa wakati ule walikuwa na hoja zao, na si haki kuzidharau: nchi changa ilitaka kujenga haraka, majaji wengi walikuwa wageni, na iliogopwa kwamba wangezitumia haki hizo kuvunja mipango ya wananchi waliotoka tu kwenye ukoloni. Tume iliyoandaa mfumo wa chama kimoja katikati ya miaka ya 1960 ililikataa wazo hilo tena. Ilibidi kufika mjadala wa Katiba wa 1983 na 1984, watu wa Bara na Visiwani wakisema hadharani wanachokitaka, ndipo Ibara za 12 hadi 29 zikaandikwa. Zaidi ya miaka 20 raia aliishi akiwa na uhuru wa nchi, lakini hakuwa na ibara ya kumwonyesha jaji.

Hata baada ya Machi 1988 ibara hizo hazikuanza kufanya kazi zenyewe. Katiba haitembei. Haina polisi wake wala karani wake. Ibara ya 13 ingeweza kukaa mahali pake miaka 50 na wanawake wa Muleba wakaendelea kunyimwa haki ya kuuza, kama hakuna mtu aliyepeleka karatasi masjala, akalipia ada, akapewa namba ya shauri na tarehe ya kutajwa. Kwa maoni yangu, haki ya kikatiba huzaliwa pale, kwenye dirisha la karani wa mahakama. Kabla ya hapo ni ahadi.

Na ahadi ile ile, ikifika mbele ya jaji mwingine, inaweza isitimizwe. Miaka ya 2000 wajane wawili wa Shinyanga, waliotolewa kwenye nyumba za waume zao waliofariki, walizipinga kanuni zile zile za 1963 mbele ya Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta. Ilihofia kwamba ikigusa mila ya kabila moja, mila za makabila mengine yote zitapanga foleni mlangoni pake. Ilibidi wajane waende hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kuwa Tanzania imekiuka wajibu wake. Katiba ilikuwa moja, na kanuni zilikuwa zile zile. Katika shauri la Muleba jaji aliona haki inayodai tiba. Kwa wajane, mahakama iliuona ugonjwa, ikauogopa ukubwa wake. Hofu hiyo naielewa, lakini siikubali: wingi wa wanaoumia hauwezi kuwa sababu ya kutomtibu aliyefika.

Ili mtu afike, lazima kwanza aruhusiwe kushtaki. Jambo hili linaonekana dogo, na nadhani ndilo kubwa kuliko yote. Kwa miaka mingi sheria ya Tanzania ilimtaka anayeishtaki Serikali apate kwanza ridhaa ya Serikali yenyewe, kupitia kwa Waziri. Ni sawa na kumdai jirani ng'ombe wako, ukaambiwa uende kwake kwanza ukamwombe ruhusa ya kumpeleka kwa hakimu. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun lililotoka Arusha, Mahakama ya Rufani ilikitupa nje kifungu hicho. Ilisema kinamnyima mtu haki ya kusikilizwa, na kinampa mdaiwa mamlaka ya kuamua kama atashtakiwa. Mwaka uliofuata Bunge liliweka notisi ya siku 90 badala ya ridhaa. Siku 90 ni nyingi kwa mtu ambaye nyumba yake itabomolewa wiki ijayo. Hata hivyo notisi unaitoa wewe, na ridhaa alikuwa anaitoa yeye.

Shauri jingine la miaka hiyo lilitoka Musoma. Mtu mmoja, Daudi Pete, alishtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ilisema mtuhumiwa wa kosa kama hilo hapewi dhamana kabisa, awe nani, awe na mazingira gani. Jaji Mwalusanya, yule yule, alimpa dhamana na kukitangaza kifungu kuwa kinyume cha Katiba. Mkurugenzi wa Mashtaka akakata rufaa. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, haikukubaliana na kila hoja ya Mwalusanya, lakini ilikubaliana naye kwenye jambo la msingi, na ndipo ulipotoka mzani ambao majaji wa Tanzania wanautumia hadi leo.

Mzani wenyewe unaeleweka kwa mfano wa Ziwa Victoria, lililo jirani na Musoma. Wavuvi wa huko wanaijua kokoro, wavu wa macho madogo unaoburutwa hadi ufukweni ukizoa sato, sangara na vifaranga vyao bila kuchagua. Serikali inaruhusiwa kuvua: haki karibu zote zina mipaka, na jamii nayo ina haki ya kulindwa dhidi ya majambazi. Lakini sheria inayobana haki isiwe kokoro. Ionyeshe utaratibu unaomzuia mtendaji kufanya apendavyo, na isizoe zaidi ya wale iliyokusudia kuwakamata. Kifungu cha kunyima dhamana kilimzoa jambazi sugu pamoja na mtu aliyesingiziwa na jirani yake, wote wakaenda mahabusu. Kikatupwa.

Msomaji asidhani kwamba jambo liliishia hapo. Februari 2018, katika shauri la Mtobesya, Mahakama ya Rufani ilifuta kifungu kingine kilichomwezesha Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana kwa hati yake tu. Halafu Mei 2020 Mahakama Kuu ikavibatilisha vifungu vinavyoorodhesha makosa yasiyo na dhamana, na Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani, katika shauri la Sanga, ikavirudisha. Ndani ya miaka 30 haki ya dhamana imepanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka tena, bila Ibara ya 15 ya Katiba kuhamishwa mahali pake. Anayetaka kujua haki yake ya dhamana leo hawezi kuisoma kwenye Katiba peke yake. Lazima ajue mahakama ilisema nini mara ya mwisho.

Hapa kuna dhuluma ya kimyakimya ambayo inanisumbua. Katiba yetu imeandikwa kwa Kiswahili. Hukumu zinazoifafanua, kwa muda wote ninaousimulia, zimeandikwa kwa Kiingereza. Bibi wa Muleba alishinda shauri lililobadili maisha ya wanawake wengine, na hukumu iliandikwa kwa lugha ya watu wa mjini waliosoma. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua njema sana. Lakini hazina ya nyuma, hukumu za majaji kama Nyalali, Kisanga, Lugakingira na Mwalusanya, inabaki kwenye kabati ambalo raia wengi hawana ufunguo wake.

Nimemtaja Lugakingira, na sasa nimfikie, kwa sababu hakuna shauri linaloonyesha vizuri zaidi jinsi mahakama na Bunge vinavyovutana juu ya haki ya raia kama lile la Mchungaji Christopher Mtikila.

Mwaka 1992 Tanzania iliingia mfumo wa vyama vingi, lakini Katiba iliyorekebishwa ilisema mgombea wa urais, ubunge au udiwani lazima adhaminiwe na chama. Mtikila, mchungaji na mwanasiasa asiyejua kunyamaza, alifungua shauri Mahakama Kuu, Dodoma, mwaka 1993. Alipinga mambo kadhaa kwa pamoja, likiwamo la mgombea binafsi na lile la wananchi kulazimika kuomba kibali ili kufanya mkutano wa hadhara. Serikali ilihoji kwanza ana uchungu gani binafsi hata ashtaki. Jaji Kahwa Lugakingira akamjibu kwa Ibara ya 26, inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba na sheria za nchi. Katika nchi ambayo walio wengi ni maskini na hawajui sheria, alisema, huwezi kumngoja kila aliyeumia aje mwenyewe. Atakayesimama kwa nia njema kwa ajili ya wengine asikilizwe.

Ningeulizwa ni ibara gani ya Katiba ya Tanzania ningeiokoa kwanza nyumba ikishika moto, ningeikimbilia hiyo. Uhuru wa maoni, wa kukusanyika, usawa, yote hayo yanahitaji mtu wa kuyapeleka mahakamani, na mwenye kuumia mara nyingi ndiye mwenye nauli ndogo na woga mkubwa.

Tarehe 24 Oktoba 1994 Lugakingira alitoa hukumu. Alieleza kwamba haki za msingi si zawadi ya Serikali. Mtu huzaliwa nazo kabla ya sheria na kabla ya dola. Kibali cha mkutano kikafutwa, na mahali pake pakabaki kutoa taarifa kwa polisi. Mgombea binafsi akaruhusiwa.

Aliruhusiwa kwa wiki chache tu. Hata kabla hukumu haijasomwa, Serikali ilikuwa imepeleka bungeni muswada wa kurekebisha Katiba. Tarehe 2 Desemba 1994 Bunge liliupitisha, na Januari 1995 ukawa sheria: mgombea lazima atoke chama cha siasa. Jaji alikuwa ameisoma Katiba, basi Bunge likaibadili Katiba aliyoisoma. Uchaguzi wa 1995, wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urudi, ukafanyika bila mgombea binafsi hata mmoja.

Mtikila alirudi. Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu walimpa tena ushindi: Bunge lina mamlaka ya kurekebisha Katiba, lakini si ya kutumia marekebisho hayo kuua haki za msingi. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 17 Juni 2010 jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani lilisema suala hili ni la kisiasa, la kuamuliwa na Bunge, na mahakama haina mamlaka ya kufuta ibara ya Katiba. Sikubaliani na hukumu hiyo, ingawa naheshimu ugumu wake. Kama haki inaweza kufutwa kwa theluthi mbili ya kura za wabunge waliochaguliwa kupitia vyama, basi mtu asiye na chama anamlalamikia nani?

Mtikila alijibu swali hilo kwa miguu. Pamoja na Chama cha Wanasheria wa Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, alikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo iliamua kwamba kumlazimisha raia kuingia chama ili agombee kunakiuka haki yake ya kushiriki katika utawala wa nchi yake na uhuru wake wa kujiunga, au kutojiunga, na wenzake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo ya bara zima kuitia nchi hatiani baada ya kusikiliza shauri hadi mwisho, na nchi yenyewe ilikuwa mwenyeji wake. Tanzania iliamriwa irekebishe Katiba na sheria zake.

Mtikila alifariki katika ajali ya gari tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Ushindi wake wa mara tatu ulikuwa haujaweka jina la mgombea binafsi hata mmoja kwenye karatasi ya kura. Na mwezi Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lake lililoruhusu raia na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama ile ya Arusha.

Kuna watakaosema basi alipoteza muda. Mimi siamini hivyo, na nina sababu. Sehemu ya hukumu ya 1994 kuhusu mikutano iliishi: sheria ikabaki na taarifa ya saa 48 badala ya kibali. Mikutano ya vyama ilipozuiwa kuanzia mwaka 2016 hadi Januari 2023, waliopinga hawakuhitaji kubuni hoja. Walikuwa nayo, imeandikwa na jaji, ina tarehe na muhuri. Na sehemu ya hukumu iliyohusu nani anaweza kushtaki ndiyo iliyomfungulia mlango kila aliyekuja baadaye kuitetea Katiba kwa niaba ya wengine. Mlango huo ulibanwa mwaka 2020, Bunge lilipoweka sharti kwamba anayefungua shauri la haki za msingi aape kuonyesha jinsi jambo lilivyomgusa yeye binafsi. Sharti hilo nalo likapelekwa mahakamani.

Fikiria sharti hilo lingekuwapo mwaka 2016, Rebeca Gyumi alipokwenda Mahakama Kuu, Dar es Salaam, kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971. Sheria hiyo iliweka umri wa mvulana kuoa kuwa miaka 18. Msichana angeweza kuolewa akiwa na 15 kwa ridhaa ya wazazi, au hata 14 kwa idhini ya mahakama. Gyumi alikuwa mwanasheria na mwanaharakati, mtu mzima. Hakuna aliyekuwa akimwoza. Wasichana walioguswa walikuwa vijijini, wengine wakiwa na mimba, wengine mahari zao zikiwa zimeshaliwa, na hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kupanda basi akatafute wakili.

Tarehe 8 Julai 2016 majaji walivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa vinambagua msichana, wakaipa Serikali mwaka mmoja irekebishe sheria na kuweka umri wa miaka 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa, ikitetea vifungu kwa hoja za mila na dini. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali rufaa hiyo. Bunge halikuirekebisha sheria ndani ya mwaka ule, wala haraka baada ya rufaa kuisha. Mashauriano yalifuata mashauriano.

Msichana aliyekuwa na miaka 14 siku majaji waliposoma hukumu ya Julai 2016 alifikisha 15 ndani ya mwaka ule uliotolewa kwa Serikali. Rufaa ilipotupwa alikuwa na miaka 17 au 18. Kama alikuwa bado shuleni, Sheria ya Elimu, iliyorekebishwa mwaka 2016, ilimtishia kifungo cha miaka 30 anayemwoa. Kama alikuwa ameacha shule kwa kukosa ada, sare au mtu wa kumtia moyo, ushindi ulishapatikana kwa jina lake, na baba aliyetaka kumwoza alikuwa bado anaweza kukifungua kitabu cha sheria na kunyoosha kidole kwenye kifungu cha 13.